Mapigo ya Saa Si Kipimo cha Kompyuta

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa ni ipi kati ya kompyuta mbili iliyo na kasi zaidi, kwa kawaida hutazama tarakimu moja tu: idadi ya megahezi au gigahezi iliyoandikwa kwenye sanduku. Yenye tarakimu kubwa huisifu. Yenye tarakimu ndogo huidharau. Mwuzaji dukani naye hufanya vivyo hivyo, na pengine hata kamati ya shule inayokaa kuamua namna ya kutumia fedha chache ilizo nazo. Maoni yangu ni kwamba desturi hii ni kosa la kisayansi, tena ni kosa ambalo darasa linaweza kulizuia mapema likitaka. Kupima kitu kwa kipimo kisichokuwa chake si jambo dogo. Ni sawa na kumpima mkulima kwa idadi ya majembe aliyoyainua, bila kuuliza shamba limelimwa kiasi gani.

Ili kosa hilo lionekane waziwazi, haifai kuanza na mashine za leo, kwa kuwa mambo yake ni mengi mno, na yamefichika ndani ya chipu ambazo hakuna mwanafunzi awezaye kuzifuatilia hatua kwa hatua. Afadhali turudi nyuma, kwenye kompyuta za nyumbani zilizotolewa Marekani na Uingereza kati ya mwaka 1977 na 1983. Mashine hizo zilikuwa sahili kiasi kwamba mtu mmoja mwenye bidii aliweza kuifahamu kila sehemu yake. Ndani yake tunaona peupe kile waundaji walichokipata, na kile walichokubali kukipoteza ili wakipate.

SAA YA KOMPYUTA NI NINI?

Kila kompyuta ina chipu inayotekeleza amri za programu. Chipu hiyo huitwa prosesa. Prosesa haifanyi kazi kwa mfululizo kama maji yatiririkayo mtoni. Hufanya kwa vipande, na kila kipande huanzishwa na pigo la umeme. Mapigo hayo hutokana na kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka kwa utaratibu usiobadilika, nayo ndiyo saa ya kompyuta. Mapigo milioni 1 kwa sekunde huitwa megahezi 1, na mapigo milioni 1,000 kwa sekunde huitwa gigahezi 1.

Hadi hapa hakuna tatizo. Tatizo huanza pale mtu anapodhani kwamba pigo moja ni sawa na amri moja iliyokamilika. Sivyo hata kidogo. Kila prosesa ina hesabu yake: amri hii huchukua mapigo mawili, ile huchukua manne, nyingine huchukua kumi na tatu. Saa hutuambia tu jinsi hatua zinavyofuatana. Haituambii urefu wa hatua yenyewe.

HATUA NDEFU NA HATUA FUPI

Tuchukue prosesa mbili zilizotumika sana katika kompyuta za nyumbani za wakati ule. Ya kwanza ni 6502 ya kampuni ya MOS Technology ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1975 na kikundi kilichoongozwa na Chuck Peddle. Iliuzwa kwa dola 25, wakati ambapo prosesa nyingine za namna hiyo ziliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Ya pili ni Z80 ya kampuni ya Zilog, iliyotolewa mwaka 1976, kazi ya Federico Faggin na Masatoshi Shima. Prosesa ya 6502 ilikuwa na transista zipatazo 3,500. Z80 ilikuwa na transista zipatazo 8,500.

Mwaka 1982 zilitoka mashine mbili mashuhuri. Commodore 64, ya Marekani, ilitumia prosesa ya ukoo wa 6502 iliyokwenda kwa takribani megahezi 1. ZX Spectrum, ya kampuni ya Sinclair ya Uingereza, ilitumia Z80 iliyokwenda kwa megahezi 3.5. Kwa kanuni ya sanduku, Spectrum yapaswa kuwa na kasi mara tatu na nusu ya mwenzake. Hebu tupige hesabu.

Amri ya kuongeza namba ndogo kwenye jumla iliyomo ndani ya prosesa huchukua mapigo 2 katika 6502. Kwa saa ya megahezi 1, pigo moja ni mikrosekunde 1. Basi kazi hiyo huisha kwa mikrosekunde 2. Amri kama hiyo huchukua mapigo 7 katika Z80. Tukigawanya 7 kwa 3.5 tunapata mikrosekunde 2. Mashine hizi mbili zimetoka sare.

Tujaribu amri nyingine, ile ya kuchukua namba kutoka mahali palipotajwa katika kumbukumbu. Prosesa ya 6502 hutumia mapigo 4, yaani mikrosekunde 4. Z80 hutumia mapigo 13, yaani mikrosekunde 3.7 hivi. Tofauti ni ndogo mno. Ile faida ya mara tatu na nusu haionekani popote.

Mfano wake ni mtu mzima anayetembea njia moja na mtoto. Mtoto hupiga hatua tatu pale mtu mzima anapopiga moja, na wote wawili hufika pamoja. Atakayehesabu hatua atasema mtoto ndiye mwenye mbio. Atakayetazama njia atajua ukweli.

Lakini haki ni lazima itendeke pande zote mbili. Z80 ina rejista nyingi, yaani vyumba vidogo vya kuwekea namba ndani ya prosesa yenyewe, nayo inaweza kuziunganisha mbili mbili ili kushika namba kubwa zenye biti 16. Namba mbili za namna hiyo zikiwa tayari ndani ya rejista, Z80 huzijumlisha kwa amri moja yenye mapigo 11, sawa na mikrosekunde 3.1 hivi. Prosesa ya 6502 haina amri hiyo. Hubidi ifanye kazi hiyo kwa vipande, ikichukua nusu ya kila namba kutoka katika kumbukumbu na kurudisha nusu ya jibu, kisha kuanza tena. Kwa njia ya kawaida hizo ni amri 7 zenye jumla ya mapigo 20, yaani mikrosekunde 20. Hapa Z80 imeshinda zaidi ya mara sita.

Basi tunaona jambo la ajabu. Mashine zilezile mbili ni sawa kabisa katika kazi moja, na katika kazi nyingine moja inaizidi nyenzake mara sita. Je, ni tarakimu ipi moja itakayoitwa kasi ya mashine hizo? Jibu langu ni kwamba haipo. Kasi ni uhusiano baina ya mashine na kazi inayopewa. Anayetaja kasi bila kutaja kazi hajasema kitu kamili.

KISIMA KIMOJA, WACHOTAJI WAWILI

Yafaa tuulize kwa nini mashine zenye mapigo tofauti kiasi hicho zilitoka sare katika kuongeza. Amri ile ina baiti 2: ya kwanza inasema «ongeza», na ya pili ni namba yenyewe. Prosesa zote mbili hulazimika kuzisoma baiti hizo kutoka katika kumbukumbu, moja baada ya nyingine. Prosesa ya 6502 husoma baiti 1 kwa kila pigo. Z80 hutumia mapigo 4 kusoma baiti ya amri na mapigo 3 kusoma baiti ya namba. Kwa hiyo katika mashine zote mbili kumbukumbu hutoa takribani baiti 1 kwa kila mikrosekunde. Mapigo mengi ya Z80 hayakuifanya kumbukumbu itoe upesi zaidi; yaliigawa tu safari ileile katika hatua ndogo ndogo.

Kumbukumbu, basi, ni kama kisima. Haisaidii kuwa na miguu myepesi ikiwa kamba ya ndoo hupanda polepole. Tena katika kompyuta hizi prosesa haikuwa peke yake kisimani. Picha inayoonekana kwenye televisheni huhifadhiwa katika kumbukumbu, na lazima isomwe upya mara 50 kwa sekunde katika televisheni za Ulaya, na mara 60 katika zile za Marekani. Picha haiwezi kungoja. Mshale wa televisheni hausimami. Nani, basi, achote kwanza? Hapo ndipo kila mwundaji alipofanya uamuzi wake, na uamuzi huo uliathiri kasi kuliko tarakimu yoyote ya sanduku.

Katika ZX81 ya Sinclair, iliyotolewa mwaka 1981, uamuzi ulikuwa wa kubana gharama hadi mwisho. Mashine hiyo iliuzwa kwa paundi 69.95 ikiwa imekwisha kuunganishwa, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 1 tu. Haikuwa na chipu maalumu ya kushughulikia picha peke yake. Z80 yenyewe ililazimika kushiriki katika kuchora kila mstari. Mtumiaji alipewa hiari mbili. Akichagua mwendo wa polepole, picha hubaki, lakini programu hupata muda pale tu prosesa inapopumzika kuchora. Akichagua mwendo wa haraka, programu huenda takribani mara 4 upesi zaidi, lakini kioo huwa kitupu hadi kazi iishe. Sanduku lilisema megahezi 3.25. Programu iliyokwenda huku picha ikionekana ilipata sehemu ndogo tu ya mapigo hayo.

Steve Wozniak alikuwa ametatua jambo hilo kwa njia nyingine katika Apple II ya mwaka 1977. Alitambua kwamba 6502 huigusa kumbukumbu katika nusu moja tu ya kila pigo. Nusu nyingine akaipa picha. Wachotaji wawili wakapishana kisimani bila kugongana, na prosesa haikungojeshwa na picha. Hata ile saa yake ya megahezi 1.023 ilitokana na televisheni: fuwele ya mashine ilitetemeka kwa megahezi 14.318, ambayo ni mara 4 ya mapigo ya ishara ya rangi ya televisheni ya Marekani, kisha mapigo hayo yakagawanywa kwa 14. Mtu anayeisoma tarakimu hiyo kama sifa ya prosesa anasoma, bila kujua, sifa ya televisheni.

Wauzaji wa Commodore 64 nao walikuwa na jambo la kueleza kuhusu megahezi yao 1. Chipu ya picha ya mashine hiyo ilitumia njia ya kupishana kama ya Apple, lakini kwa kila mstari wa maandishi iliisimamisha prosesa kwa mapigo yapatayo 40 ili isome herufi za mstari huo. Mistari ni 25, basi ni mapigo yapatayo 1,000 kati ya 19,656 yaliyomo katika picha moja ya mashine ya Ulaya: takribani asilimia 5. Ilinunua nini kwa asilimia hiyo? Chipu hiyo iliweza kuonyesha na kusogeza vitu 8 juu ya picha, kama vile mpira, ndege au mtu anayekimbia, bila prosesa kuvichora upya nukta kwa nukta. Spectrum, yenye mapigo mara tatu na nusu, ilipaswa kuchora kila kitu kwa prosesa. Hivyo katika michezo yenye vitu vingi vinavyokwenda, mashine ya megahezi 1 haikuona haya mbele ya ile ya megahezi 3.5.

FEDHA, NAFASI NA RANGI

Mfano wa ukarimu, na wa gharama yake, ni BBC Micro iliyoundwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge kwa ajili ya mpango wa Shirika la Utangazaji la Uingereza wa kuwafundisha watu kompyuta. Ilitolewa mwishoni mwa mwaka 1981, ikaenea sana katika shule za nchi ile. Prosesa yake ilikuwa 6502 iliyokwenda kwa megahezi 2, na waundaji walichagua kumbukumbu iliyoweza kusomwa mara milioni 4 kwa sekunde: nusu kwa prosesa, nusu kwa picha. Hapakuwa na kungojana. Katika kuongeza namba ndogo ilitumia mikrosekunde 1, nusu ya muda wa Spectrum, ingawa tarakimu ya saa yake ilikuwa ndogo kuliko ya Spectrum.

Lakini mashine hiyo yenye kilobaiti 32 ilifika kuuzwa kwa paundi 399, wakati Spectrum yenye kilobaiti 48 ilianza kwa paundi 175. Aidha, picha zake nzuri kabisa zilimeza kilobaiti 20 kati ya zile 32, zikamwachia mwandishi wa programu chini ya kilobaiti 9 baada ya mfumo wa mashine kuchukua sehemu yake. Spectrum, kwa upande wake, ilitosheka na baiti 6,912 kwa picha nzima. Iliwezaje? Kwa kuruhusu rangi mbili tu katika kila mraba wa nukta 8 kwa 8. Ndiyo sababu katika michezo ya Spectrum kitu chekundu kilipopita mbele ya mti wa kijani, rangi zilichanganyikana kwa namna iliyochekwa na watu. Waliocheka hawakuona kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyolipia nafasi ya programu na bei nafuu.

Acorn wenyewe walijaribu mwaka 1983 kutengeneza ndugu mdogo wa BBC Micro, aliyeitwa Electron, kwa paundi 199. Prosesa ilikuwa ya aina ileile na yenye uwezo wa megahezi 2. Ila walitumia chipu 4 tu za kumbukumbu, zilizotoa biti 4 kwa mara moja badala ya 8. Kila baiti ikahitaji safari mbili kisimani. Matokeo yake ni kwamba programu zilizokaa katika kumbukumbu hiyo zilikwenda nusu ya mwendo, na zenye picha kubwa zilikwenda polepole zaidi. Prosesa ileile, saa ileile, lugha ileile ya BASIC, lakini mashine mbili zenye mwendo tofauti kabisa. Sidhani kama kuna ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba tarakimu ya saa haitoshi.

Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote. Hapakuwa na mashine hata moja kati ya hizi iliyoshinda kwa bei, kwa picha, kwa nafasi na kwa mwendo kwa pamoja. Kila moja ilikuwa jibu la swali lake. ZX81 ilijibu: tunawezaje kumpa kompyuta mtu mwenye fedha kidogo? BBC Micro ilijibu: shule inahitaji mashine ya namna gani? Kuzishindanisha kwa megahezi ni kuwasahihisha wanafunzi waliofanya mitihani tofauti kwa majibu ya mtihani mmoja.

PINGAMIZI MOJA

Msomaji makini anaweza kupinga akisema: «Hata hivyo, prosesa ileile ikiendeshwa kwa saa ya haraka zaidi, je, haitafanya kazi upesi zaidi?» Pingamizi hili lina haki yake, na sitalikwepa. Ndiyo, mambo mengine yote yakibaki sawa, kuongeza mapigo huongeza kasi. Mwanafunzi wa fizikia anayajua vizuri maneno hayo, «mambo mengine yote yakibaki sawa», kwa kuwa ndiyo msingi wa kila jaribio. Lakini Electron imetuonyesha jinsi mambo hayo mengine yanavyobadilika hata ndani ya kampuni moja. Dukani hayabaki sawa kamwe. Tarakimu ya saa ni kweli, tena ina maana. Ila ni sehemu moja ya kuzidisha, na anayesoma sehemu moja ya kuzidisha hawezi kujua jibu.

Programu nayo ni sehemu ya kuzidisha huko. Lugha ya BASIC ya BBC Micro, iliyoandikwa na Sophie Wilson, ilimruhusu mwandishi kutangaza kwamba namba fulani ni namba kamili tu, isiyo na desimali, ili mashine isipoteze muda kwa hesabu za desimali pasipo haja. Uamuzi wa namna hiyo, uliofanywa kwa kalamu na karatasi, huongeza mwendo bila kuongeza pigo hata moja.

WALIOJIFUNZA NA WASIOJIFUNZA

Somo hili halikukaa katika makumbusho. Sophie Wilson na mwenzake Steve Furber walipotafuta prosesa ya mashine mpya ya Acorn mwaka 1983, waliona kwamba prosesa za biti 16 zilizokuwa sokoni hazikuweza kupokea yote ambayo kumbukumbu ingeweza kutoa. Hawakuuliza ni ipi yenye megahezi nyingi. Waliuliza ni ipi inayokitumia kisima barabara. Walipokosa jibu, waliunda yao. Chipu ya kwanza ilifanya kazi tarehe 26 Aprili 1985, ikiwa na transista zipatazo 25,000 tu, wakati Motorola 68000 ya mwaka 1979 ilikuwa na zipatazo 68,000. Prosesa hiyo iliitwa ARM. Wazao wake ndio walio ndani ya karibu kila simu ya kisasa, pamoja na ile iliyo mfukoni mwa mzazi wa mwanafunzi anayesoma makala hii.

Wengine hawakujifunza. Mwaka 2000 kampuni ya Intel ilitoa prosesa iitwayo Pentium 4, ambayo uundaji wake ulipendelea sana mapigo mengi: kazi ya kila amri iligawanywa katika hatua nyingi fupi, 20 mwanzoni na 31 baadaye. Tarakimu zilipanda hadi gigahezi 3.8 mwaka 2004, lakini joto likapanda pamoja nazo, na mpango wa kufikia gigahezi 4 ukafutwa mwaka huohuo. Mwaka 2006 Intel yenyewe ilitoa Core 2, yenye mapigo machache kuliko hayo, nayo ikafanya kazi nyingi upesi zaidi. Baada ya miaka zaidi ya ishirini, mtoto wa hatua fupi na mtu mzima wa hatua ndefu walikutana tena njiani.

KAZI YA MWALIMU

Nimeeleza haya yote kwa sababu naona hatari katika namna tunavyofundisha. Kompyuta inapofundishwa kama orodha ya majina na tarakimu za kukariri, mwanafunzi hujifunza kuiheshimu mashine badala ya kuihoji. Akitoka shuleni, atakuwa mnunuzi anayeongozwa na sanduku. Na katika nchi ambazo shilingi ya shule hutafutwa kwa taabu, kununua kwa kuongozwa na sanduku ni kupoteza fedha iliyochangwa na wazazi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa hisabati na fizikia wazitumie hesabu za 6502 na Z80 zilizotajwa hapa kama mazoezi ya darasani. Zinahitaji kugawanya tu, na zinafundisha maana ya kipimo kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Pili, shule yenye kompyuta mbili za aina tofauti, hata zikiwa kuukuu, ifanye jaribio. Wanafunzi waandike programu fupi tatu: moja ihesabu hadi milioni moja, moja ichore picha nyingi kwenye kioo, na moja isome faili kubwa. Wapime kila moja kwa saa ya mkononi, mara tano, watafute wastani, waandike jedwali. Huenda mashine itakayoshinda katika jaribio la kwanza ikashindwa katika la tatu. Likitokea hilo, mwalimu asiharakishe kueleza. Awaache wanafunzi wabishane.

Tatu, kabla ya kamati yoyote ya shule kununua mashine, iandike kwanza kazi zitakazofanywa nayo, kisha iulize maswali manne: itafanya kazi ipi hasa, ina kumbukumbu kiasi gani na ya mwendo gani, programu tunazozihitaji zinakwenda vipi ndani yake, na tunapoteza nini kwa bei hii? Swali la megahezi linaweza kuja la tano.

Waundaji wa zile kompyuta ndogo walifanya kazi katika uhaba: uhaba wa kumbukumbu, wa transista, na wa fedha mifukoni mwa wanunuzi. Uhaba huo uliwalazimisha kufikiri. Sisi nasi tunaujua uhaba vizuri. Tusiwafundishe vijana wetu kuhesabu hatua za mtoto na kumtangaza mshindi. Tuwafundishe kutazama njia, na kupima umbali uliokwisha kwendwa.